Koo la mtoto, moyo wa mtu mzima

*Maumivu ya koo huondoka ndani ya wiki moja. Kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wa koo ndiyo inayobaki kuupiga moyo. Dawa ya kuzuia balaa hili ipo tangu enzi za babu zetu na bei yake ni ndogo, lakini vijana wa Afrika Mashariki bado wanafikishwa kwenye meza ya upasuaji.*

Saa moja jioni ndipo duka la dawa la mtaani linapopata wateja. Watu wametoka kazini, taa zimewashwa, na mbele ya dirisha la nondo amesimama mama aliyemshika mkono mwanawe wa miaka minane. Mtoto ameinamisha kichwa. Chini ya taya, kulia na kushoto, pamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa ya tonsesi. Huyu tangu juzi hata mate hayamezeki."

"Nikupe dozi nzima au za kuanzia?"

"Nipe za elfu moja kwanza, tuone."

Vidonge vya rangi mbili vinahesabiwa na kutiwa kwenye kibahasha, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, na anayefuata anasogea dirishani. Hakuna aliyemwambia mtoto apanue mdomo. Hakuna aliyeuliza kama ana mafua au kikohozi, ingawa jibu la swali hilo dogo lingesaidia kuliko vidonge vyenyewe.

Mazungumzo ya namna hii husikika kila siku, kuanzia Mbagala hadi Katoro, na mara nyingi hayaleti madhara makubwa. Maumivu mengi ya koo kwa watoto husababishwa na virusi. Yanapoa yenyewe kwa siku nne, tano, na vidonge vinajichukulia sifa.

Shida iko kwa wachache. Kati ya watoto watano wa umri wa shule wanaougua koo, mmoja hivi huwa na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Huyo naye kwa kawaida hupona na kurudi darasani. Kisha, wiki mbili au tatu baadaye, wakati kila mtu ameshasahau habari ya koo, goti linavimba. Kesho yake goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma. Homa inarudi. Kifuani, valvu za moyo zimeanza kuvimba pia, na hizo hakuna anayeziona.

Wakati huo ukitafuta bakteria kwenye moyo wa mtoto huyo humpati hata mmoja. Kinachoushambulia ni kinga ya mwili wake mwenyewe.

Madaktari huita hali hiyo homa ya baridi yabisi, na kovu inaloliacha moyoni ni ugonjwa wa valvu ambao duniani wanaishi nao watu zaidi ya milioni 40. Unaua zaidi ya watu 300,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa vijana na watu wa makamo katika nchi maskini. Ulaya na Amerika Kaskazini umekuwa nadra kiasi kwamba daktari kijana anaweza kumaliza masomo bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Kwetu ni sura ya kila siku kwenye kliniki za moyo.

Usaha mweupe na tezi zilizovimba

Turudi kwenye koo la mtoto, maana kila dalili aliyokuwa nayo dirishani ni kazi ya kinga inayofanyika.

Tonsesi zenyewe ni sehemu ya kinga. Zimewekwa pale nyuma ya kinywa ili zikutane na kila kinachoingia na chakula na pumzi. Bakteria anaponata kwenye ukuta wa koo na kuanza kuzaliana, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuachia chembechembe nyeupe zipenye. Koo linakuwa jekundu na kuvimba. Chembechembe hizo huwazingira bakteria na kuwameza, nyingi zinafia palepale, na madoa meupe au ya manjano yanayoonekana juu ya tonsesi ni mabaki yake pamoja na ya maadui zake.

Kazi hii ya kumeza vijidudu iligunduliwa mwaka 1882 huko Messina, Italia, na mwanazuolojia Ilya Metchnikoff. Alichoma miiba ya waridi kwenye mabuu ya kiti cha pweza, ambayo miili yake ni ya kupenya mwanga, na kesho yake akaona kwa hadubini chembechembe zimejazana kuuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyekuwa akichunguza upande wa pili wa kinga, yaani vitu vilivyomo kwenye majimaji ya damu.

Upande huo wa pili ndio unaotuhusu zaidi. Vile vivimbe chini ya taya ni tezi ambamo vipande vya bakteria hupelekwa kuchunguzwa. Humo hutafutwa chembechembe ambazo kwa bahati zina uwezo wa kukitambua kipande kile. Zikipatikana zinazalishwa kwa wingi, na baadhi zinaanza kutengeneza kingamwili, protini ndogo zinazomnata bakteria na kumfanya aliwe kwa urahisi. Kazi hii haifanyiki kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa kufika kileleni, na ratiba hiyo ndiyo sababu goti linavimba wakati koo limeshapona.

Streptokokasi naye si mjinga. Amejivika gamba la asidi ya hayaluroni, kitu kilekile kilichomo kwenye maungio na ngozi zetu, hivyo chembechembe nyingi humpita zikidhani ni sehemu ya mwili. Anatoa sumu zinazopasua chembechembe za damu. Na juu ya mwili wake amesimamisha nyuzi za protini iitwayo M, ambazo huzuia protini za kinga zisimnate.

Tunaifahamu protini hiyo kwa sababu ya Rebecca Lancefield, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, aliyetumia maisha yake yote kuwapanga bakteria hawa kwa makundi. Herufi A katika "kundi A" ni ya mpango wake wa mwaka 1933. Leo zinajulikana aina zaidi ya 200 za protini ya M. Mtoto aliyepata kinga dhidi ya aina moja hana kinga kamili dhidi ya nyingine, kwa hiyo anaweza kuugua koo mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu.

> Kwa mwenye damu ya kuathirika, kila koo jipya la streptokokasi huongeza kovu juu ya kovu.

Mkasa unaanzia hapo. Baadhi ya sehemu za protini ya M zinafanana sana na protini za misuli ya moyo na za ngozi laini inayofunika valvu. Mwizi amevaa shati la mwenye nyumba, na majirani waliotoka na marungu usiku hawamjui wanayempiga. Kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya koo zinainata valvu, chembechembe nyeupe zinafuata, valvu inavimba, na inapopona inaacha kovu.

Si kila mtoto anafikwa na haya. Inaonekana kuna urithi wa damu unaochangia, na hata wakati wa mlipuko mkubwa wa koo la streptokokasi ni takriban watatu kati ya 100 wasiotibiwa wanaopata homa ya baridi yabisi. Lakini zidisha hao watatu kwa idadi ya watoto wa Kanda ya Ziwa, wa kaskazini mwa Uganda, wa Burundi, wanaolala wanne kwenye godoro moja.

Mtoto anayeadhibiwa kwa ugonjwa

Kuna sura moja ya ugonjwa huu inayostahili kusemwa taratibu, kwa sababu watoto wanaonewa.

Wakati mwingine kingamwili hizo hushambulia sehemu ya ubongo inayoratibu mijongeo ya viungo. Mtoto, mara nyingi wa kike, anaanza kurusharusha mikono bila kutaka. Uso unakunja na kukunjua. Kikombe kinamponyoka. Mwandiko uliokuwa mzuri unageuka michirizi. Analia bila sababu, anacheka bila sababu. Akilala usingizi, mijongeo yote inakoma.

Daktari Mwingereza Thomas Sydenham alieleza hali hiyo katika karne ya 17, na jina lake limebaki kwenye vitabu. Huku kwetu, mwalimu anaona utovu wa nidhamu, na nyumbani wanaona shetani. Mtoto anachapwa, anapelekwa kuombewa au kuchanjwa chale, na baada ya miezi kadhaa mijongeo inaisha yenyewe. Kila mtu anaamini dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Moyo haujapimwa.

Magoti nayo hupona bila kuacha alama. Kati ya viungo vyote vinavyoguswa, moyo ndio pekee unaobaki na kilema, na ndio pekee ambao mama hawezi kuuona kwa macho.

Kukata kimeo

Huwezi kuandika habari za koo Tanzania ukaacha kimeo. Katika mikoa mingi mtoto anayekohoa sana, anayetapika au anayeumwa koo kila mara hupelekwa kwa mkataji wa jadi, ambaye hukikata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Wazazi wanaofanya hivyo wanampenda mtoto wao, wanalipa, na wanasimulia kwa dhati jinsi fulani alivyopona.

Kimeo hakina streptokokasi zaidi ya sehemu nyingine ya koo. Kukikata kunaacha kidonda ambamo bakteria wengine wanaweza kupita, na hospitali zetu zimepokea watoto waliovuja damu hadi kuishiwa, waliopata pepopunda, walioambukizwa na kisu kilichotumika kwa mwingine. Ila wizara ikipiga marufuku tu haitafika mbali. Mama anayekwenda kwa mkataji ametambua jambo la kweli, kwamba koo la mwanawe linarudi kila mara na linahitaji kushughulikiwa. Akifika zahanati na kuambiwa "ni mafua tu" bila mtu kumulika kooni, ana haki ya kutafuta kwingine.

Panya wa Oxford, askari wa Wyoming

Tarehe 25 Mei 1940, huko Oxford, kundi la Howard Florey liliwadunga panya wanane dozi ya kuua ya streptokokasi. Wanne kati yao wakapewa penisilini, kitu ambacho Alexander Fleming alikiona kwenye ukungu mwaka 1928 na kukiacha bila kuweza kukisafisha. Kufikia asubuhi wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa. Wenzao walikuwa hai.

Miaka michache baada ya vita, kwenye kambi ya jeshi la anga la Marekani katika jimbo la Wyoming, vijana waliolala kwenye mabweni ya msongamano walikuwa wakiugua koo na kufuatiwa na homa ya baridi yabisi. Charles Rammelkamp na wenzake waliwatibu baadhi yao kwa penisilini na kuwalinganisha na wasiotibiwa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1950 yalibadilisha utabibu: koo likitibiwa sawasawa kwa penisilini, homa ya baridi yabisi karibu haitokei. Utafiti wa kambi hiyo ulionyesha pia kwamba dawa ikianzwa hata siku ya tisa tangu koo liume, bado inaukinga moyo.

Siku tisa ni muda mrefu. Mama anaweza kungoja wiki nzima, akauza kuku, akasafiri hadi kituo cha afya, na bado asiwe amechelewa.

> Tangu penisilini ianze kutumika, streptokokasi wa kundi A hajapata usugu dhidi yake. Ni wachache mno miongoni mwa bakteria wanaoweza kusemwa hivyo.

Ukweli unatutaka tuongeze jambo moja. Ulaya na Marekani ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla penisilini haijaingia sokoni. Nyumba ziliongezeka vyumba, watoto wakapata kitanda chao, chakula kikawa bora. Sindano iliukamilisha mwendo ambao makazi yaliuanza. Na Australia, nchi tajiri, watoto wa wenyeji wa asili wanaoishi kwenye nyumba za msongamano bado wanaugua kwa kiwango kikubwa mno, wakati watoto wengi wa Sydney hawaujui. Ugonjwa huu unafuata paa lenye watu wengi.

Dawa kwa kila koo?

Hapo wataalamu wanagawanyika, na pande zote mbili zina hoja nzito.

Upande mmoja unasema: katika nchi yenye ugonjwa mwingi wa valvu, kila mtoto mwenye koo linaloelekea kuwa la streptokokasi apewe penisilini bila kusubiri maabara. Sindano moja ya penisilini ya benzathini inamaliza kazi. Ukikosea na kumpa mwenye virusi, hasara ni ndogo. Ukikosea na kumnyima mwenye streptokokasi, huenda umempotezea moyo.

Upande wa pili unatazama wodi za hospitali zetu, ambako bakteria wa tumbo na wa vidonda wameshaota usugu dhidi ya dawa moja baada ya nyingine. Kila kidonge kinachomezwa kwa ajili ya koo kinapita pia kwa bakteria wa utumbo na kuwafundisha kustahimili. Ukiruhusu dawa kwa kila koo, wanasema, unaokoa moyo mmoja na kupoteza watoto wachanga ambao dawa haziwasaidii tena.

Mwandishi huyu anaamini njia ya katikati ipo na haihitaji mashine. Mtoto mwenye umri wa miaka mitano hadi 15, mwenye homa, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, tonsesi zina madoa meupe, tena hana kikohozi wala mafua: huyo atibiwe kikamilifu. Mwenye mafua, macho mekundu, sauti iliyokauka na kikohozi apewe maji, dawa ya maumivu na muda. Kanuni hii haikosi makosa, lakini inahitaji tochi, kijiko na dakika mbili.

Kinachoshinda yote kwa ubaya ni hicho kinachofanyika dirishani. Vidonge vya elfu moja havitoshi kumwondoa streptokokasi, ambaye huhitaji siku kumi za dawa ya kumeza au sindano moja. Wakati huohuo vinatosha kuwafundisha usugu bakteria wengine. Tanzania ilianza mpango wa maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili wauzaji wapate mafunzo na kibali. Mafunzo hayo yakiongezewa somo la koo, na dozi pungufu zikikataliwa kweli, sehemu kubwa ya vita hii ingepiganwa palepale mtaani.

Gulu: watoto 818

Kwa ambaye moyo umeshaguswa, swali ni jingine. Tangu katikati ya karne iliyopita madaktari wamewapa wagonjwa wa aina hii sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, ili koo jipya la streptokokasi lisipate nafasi na kinga isiamshwe tena. Je, mtoto ambaye hana dalili yoyote, ila kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kimeonyesha valvu yake imeanza kubadilika, naye achomwe sindano kila mwezi?

Jibu limetoka Afrika Mashariki. Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu na viunga vyake, watafiti wakiongozwa na Andrea Beaton wa Cincinnati na Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda walipima kwa eko zaidi ya watoto 100,000. Waliowakuta na mabadiliko ya mwanzo na kuingia kwenye utafiti walikuwa 818, wa miaka mitano hadi 17. Nusu walichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu walifuatiliwa bila sindano.

Matokeo yalitangazwa Novemba 2021. Kati ya watoto 399 waliochomwa na kufuatiliwa hadi mwisho, valvu zilizidi kuharibika kwa watatu. Kati ya 400 wasiochomwa waliofika mwisho, ziliharibika kwa 33.

Nani asiyefurahi? Lakini mabishano hayakuisha. Kundi moja linataka mashine ndogo za eko zipelekwe shuleni, wauguzi wafundishwe kuzitumia, watoto wote wapimwe. Kundi jingine linakumbusha kwamba hata wale ambao hawakuchomwa, zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuzidiwa katika miaka ile miwili. Utawachoma wote sindano kwa miaka kumi ili kuwanusuru wachache? Na mtoto anayeambiwa ana moyo mbovu anabadilika. Anaacha kucheza mpira, wazazi wanaogopa kumlipia ada.

Nimesoma hoja zote mbili na naona jambo moja linasemwa kwa sauti ndogo kuliko linavyostahili. Gulu walifanikiwa kwa sababu karibu kila mtoto alipata karibu kila sindano. Palikuwa na wauguzi wanaomjua kwa jina, vikundi vya watoto wenzake waliokutana siku ya sindano, na mtu wa kupiga simu asipofika. Kupima shule nzima bila hayo ni kugawa hofu.

Sindano inayoogopwa pande zote

Penisilini ya benzathini si sindano nyepesi. Ni unga mweupe unaochanganywa na maji ukawa uji mzito. Sindano yake ni nene, huziba mara kwa mara, na paja au tako huuma kwa siku moja au mbili. Mwambie kijana wa miaka 14 kwamba hiyo itakuwa kila mwezi hadi avuke miaka 20, na kwamba hatajisikia tofauti yoyote akichomwa au asipochomwa.

Wauguzi nao wanaiogopa. Kuna wagonjwa waliokufa muda mfupi baada ya kuchomwa, na kituo kilichopatwa na msiba huo mara nyingi huacha kuitoa kabisa. Kwa miaka mingi vifo hivyo viliaminika kuwa vya mzio. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri baada ya kupitia taarifa hizo: vingi vinaonekana kuwa vya moyo uliokwisha kudhoofika, uliozimia kwa maumivu na mshtuko wa presha. Kikashauri wagonjwa ambao valvu zao zimeharibika vibaya wapewe penisilini ya kumeza, na wengine wote waendelee na sindano. Tahadhari nyepesi pia husaidia: mgonjwa anywe maji, alale chini wakati wa kuchomwa, apewe ganzi. Mzio wa kweli upo lakini ni nadra.

Kisha dawa yenyewe huadimika. Faida ya kuitengeneza ni ndogo, na viwanda vinavyozalisha malighafi yake duniani ni vichache sana. Katikati ya muongo uliopita nchi nyingi ziliripoti kuishiwa. New Zealand, ambako watoto wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki wameelemewa na ugonjwa huu, wamejaribu kuingiza dozi kubwa chini ya ngozi ili idumu miezi kadhaa. Ikifaulu kuenea, itakuwa faraja kubwa.

Na chanjo? Ilijaribiwa, ikaogofya. Miaka ya 1960 watafiti huko Boston waliwachanja watoto kwa protini ya M iliyosafishwa nusunusu, na baadhi yao wakapata homa ya baridi yabisi. Haikuthibitishwa kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, lakini hofu ilikuwa na mantiki: unaifundisha kinga kumpiga mtu aliyefanana na moyo. Mwaka 1979 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia chanjo za aina hiyo, na zuio lilidumu zaidi ya robo karne. Leo watafiti wanachagua vipande vya bakteria visivyofanana na chochote cha mwili wetu. Hakuna chanjo iliyofika sokoni.

Bei ya kuchelewa

Valvu iliyoharibika haina dawa ya kuirudisha. Ikishindwa kufunga, damu inarudi nyuma. Ikishindwa kufunguka, inarundikana kwenye mapafu. Mgonjwa anaanza kupumzika njiani kwenda kisimani. Anaongeza mto usiku. Miguu inavimba.

Kwa wanawake wengi ujauzito ndio unaofichua siri. Damu inaongezeka kwa karibu nusu, valvu nyembamba haiwezi kuipitisha, na mama kijana aliyekuwa akijiona mzima anafikishwa wodini miezi ya katikati akikohoa povu.

Mwaka 2015 marehemu Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Rwanda, walichapisha takwimu za wagonjwa 3,343 kutoka nchi 14. Nusu walikuwa na miaka 28 au chini. Waliokuwa wakipata penisilini ya kinga walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Ndani ya miaka miwili ya kufuatiliwa, karibu 17 kati ya kila 100 walifariki.

Tanzania inajivunia, na ina haki, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2015. Wagonjwa waliokuwa wakipelekwa India sasa hufunguliwa kifua Muhimbili. Lakini valvu ya chuma inamtaka mgonjwa ameze warfarini maisha yake yote na kupimwa kila mara jinsi damu inavyoganda: ikizidi anavuja, ikipungua valvu inaziba. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Ni mzigo mzito kwa anayeishi Kibondo au Ukerewe, na gharama ya upasuaji mmoja ingenunua sindano za watoto wengi kwa miaka mingi.

Nani anashika orodha?

Mei 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuutokomeza ugonjwa huu: kusajili wagonjwa, kuhakikisha penisilini ipo, kuboresha makazi. Hilo la kusajili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalolegalega.

Chukua binti aliyegunduliwa akiwa darasa la sita katika wilaya mojawapo ya Kanda ya Ziwa. Kadi yake ya sindano iko kwenye kituo cha afya cha kijijini. Anamaliza shule, anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Kadi inabaki kwenye sanduku la mama. Tajiri wake hajui, muuguzi wa mjini hajui, na yeye mwenyewe hajisikii mgonjwa.

Nchi hii inajua kufuatilia watu. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa dawa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii hutumwa hadi nyumbani kwake. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU hupewa namba ya kliniki, na akihamia mkoa mwingine uhamisho wake huandikwa. Daftari, simu na watu wa kuifanya kazi hiyo tayari vipo. Binti yule akikosa sindano miezi minne mfululizo, katika wilaya nyingi hakuna aliyepewa jukumu la kugundua, mpaka siku atakapobeba mimba.